Gramu Moja kwa Nusu Tani ya Majani

Ili kupata gramu moja ya vinblastini huhitajika zaidi ya kilo 500 za majani makavu. Gramu moja ya nduguye, vinkristini, hula tani mbili. Hizi ni dawa za saratani ambazo zimo hospitalini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mmea unaozitoa wala si adimu. Ni Catharanthus roseus, kichaka kifupi chenye maua meupe au ya rangi ya waridi. Asili yake ni Madagaska, lakini siku hizi umeenea katika nchi zote za joto, na pwani yetu watu huupanda mbele ya nyumba kwa urembo, ukavumilia jua na mchanga bila kumwagiliwa.

Mimea dawa ikitajwa, sifa zinazotangulia huwa za wingi: mti huu unatibu magonjwa kumi, ule arobaini. Rekodi nilizozikusanya hapa zinapima uchache. Kitu kinachofanya kazi ni kidogo kiasi gani ndani ya jani, kilichukua miaka mingapi kujulikana, kilipita mikono mingapi kabla ya kufika kwenye kichupa cha sindano? Nimechagua vipimo hivyo kwa sababu naamini kinacholitenga jani na dawa ni kiasi, na kiasi hakionekani kwa macho.

Jani linalotoa kidogo kuliko yote

Vinblastini ni molekuli ya vipande viwili vilivyounganishwa, katharanthini na vindolini. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Vincenzo De Luca wa Chuo Kikuu cha Brock walionyesha kwamba karibu katharanthini yote imo kwenye nta iliyo juu ya uso wa jani, ilhali vindolini imejificha ndani ya seli. Jani moja limebeba vipande vyote viwili, lakini kila kimoja kina chumba chake, na ni nadra kukutana. Ndiyo maana mkulima anaweza kuvuna shamba zima akaambulia punje.

Dawa hii iligunduliwa kwa kutafuta kitu kingine. Mwaka 1952 Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, alifikiwa na bahasha ya majani kutoka Jamaika, ambako wenyeji walikuwa wakinywa chai yake kwa ajili ya kisukari. Panya walionyweshwa maji ya majani hayo hawakuonyesha badiliko lolote la sukari. Walipodungwa sindano, walikufa kwa maambukizi baada ya siku chache, kwa sababu chembe nyeupe za damu zao zilikuwa zimeporomoka. Mtafiti mwingine angeandika kwamba jaribio limeshindikana. Noble na mkemia Charles Beer walijiuliza swali jingine: kama majani haya yanaangamiza chembe nyeupe, je, yatafanya nini kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimezidi kipimo? Kufikia mwaka 1958 walikuwa wameipata vinblastini ikiwa safi. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikifuata njia hiyohiyo kivyake, iliipeleka sokoni, kisha vinkristini ikafuata mwaka 1963.

Afrika Mashariki ilihusika mapema katika habari hii. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake, na katikati ya miaka ya 1960 aliandika kuhusu watoto wa Uganda waliotibiwa kwa vinkristini. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanzishwa mwaka 1967, dawa hiyo ilikuwa sehemu ya matibabu yake. Mtoto mmoja hupewa miligramu chache tu katika tiba nzima. Nyuma ya miligramu hizo kuna kilo na kilo za majani, na msimu ukiwa mbaya au kiwanda kikikwama, wodi ya watoto inakosa dawa.

Kwa hiyo wanasayansi wakageukia hamira, ileile ya kuumulia mkate, waifundishe kazi ya jani. Mwaka 2022 kundi lililomhusisha Jay Keasling wa Berkeley na wenzake wa Denmark lilichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyovunja rekodi ya wakati huo: hamira yenye marekebisho 56 ya jeni, zikiwemo jeni 34 zilizochukuliwa kwenye mimea, iliyoweza kupitia hatua zaidi ya 30 za kikemia hadi kutengeneza vile vipande viwili. Kuviunganisha kulibaki kuwa kazi ya mkemia. Mavuno yalikuwa mikrogramu mia chache kwa lita. Ni tone, ila ni tone lisilotegemea mvua.

Rekodi hiyo ilidumu miaka miwili. Mwaka 2024 Keasling na washirika wake waliifanya hamira itengeneze QS-21 kwa kutumia vimeng'enya 38 kutoka viumbe sita tofauti. QS-21 ni saponini, kitu chenye povu kama la sabuni, kinachotoka kwenye gome la mti wa Chile uitwao Quillaja saponaria. Hakitibu ugonjwa wowote kwa chenyewe. Kazi yake ni kuiamsha kinga ya mwili ili iitikie chanjo kwa nguvu zaidi. Kimo ndani ya chanjo ya mkanda wa jeshi, na kimo pia ndani ya RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto wa Homa Bay mwezi Septemba 2019. Mtoto aliyechanjwa kandokando ya Ziwa Viktoria amebeba mkononi mwake chembe ya gome la milima ya Chile.

Mti uliotolewa uhai kwa ajili ya wagonjwa

Paklitakseli, maarufu kama takso, ilianzia kwenye gome lililochunwa mwezi Agosti 1962 katika msitu wa Gifford Pinchot, jimbo la Washington. Aliyelichuna ni Arthur Barclay, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akikusanya sampuli kwa niaba ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mpango huo ndio uchekechaji mkubwa zaidi wa mimea ninaoufahamu. Kati ya mwaka 1960 na 1981 zilipimwa dondoo zaidi ya 100,000 kutoka maelfu ya spishi, na dawa zilizofika kwa wagonjwa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Monroe Wall na Mansukh Wani walichora umbo la molekuli hiyo mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz wa New York alieleza inavyofanya kazi, na hapo ndipo palipo na jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria. Seli inapotaka kugawanyika hujenga vijiti vyembamba vya protini, ikavibomoa kazi ikiisha. Vinblastini huzuia vijiti visijengwe. Takso huzuia visibomolewe. Mimea miwili isiyo na undugu wowote, mmoja wa kisiwa chetu jirani na mwingine wa misitu ya baridi, imekifikia kitu kilekile kwa njia zinazopingana, na seli ya saratani hufa kwa vyote viwili.

Tatizo lilikuwa gome. Kilo 10,000 za gome zilitoa takriban kilo moja ya dawa, na mti ukichunwa hufa. Nao, Taxus brevifolia, hukua polepole mno. Nusura ilitoka Ufaransa, kwa Pierre Potier, aliyekuta kwamba majani ya mti wa jamii hiyo unaoota Ulaya yana molekuli inayokaribia kuwa takso, na majani huchumwa yakaota tena. Robert Holton wa Florida akaboresha njia ya kuimalizia. Siku hizi sehemu ya dawa hiyo hutoka kwenye seli za mti zinazokuzwa ndani ya matangi, na kwa sehemu hiyo hakuna mti unaokatwa.

Miaka 22 kwa molekuli moja

Mwarobaini tunaujua sote. Usilolijua pengine ni kwamba ni miongoni mwa miti ya dawa iliyowatesa wakemia muda mrefu zaidi.

Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, alikuwa Sudan nzige walipovamia. Walikula kila kijani kilichokuwepo, wakaiacha miarobaini imesimama na majani yake. Miaka tisa baadaye, huko Uingereza, David Morgan na mwenzake Butterworth waliitoa kwenye mbegu za mti huo molekuli inayomfanya nzige asusie chakula, wakaiita azadiraktini. Kupata umbo lake sahihi kulichukua hadi mwaka 1985, ikibidi maabara kadhaa zisahihishane. Ina vitovu 16 ambavyo kila kimoja kinaweza kugeukia kushoto au kulia, na kitovu kimoja kikigeuka visivyo, hiyo si azadiraktini tena.

Steven Ley wa Cambridge aliazimia kuijenga maabara kutoka mwanzo. Alianza mara tu umbo lilipojulikana, akamaliza mwaka 2007. Ni miaka 22, na zaidi ya watu 40 walipitia mradi huo. Wako wanafunzi waliofanya shahada nzima ya uzamivu juu ya kona moja ya molekuli, wakaondoka bila kuiona ikikamilika. Njia waliyoipata haina faida ya kibiashara hata chembe, maana mwarobaini hutengeneza kitu hichohicho kwenye mbegu zake kila mwaka bila kudai mshahara. Lakini kila kona ya njia hiyo ilizaa mbinu mpya ya kuunganisha atomi, na mbinu hizo sasa ni mali ya wakemia wote.

Mti huuhuu una rekodi nyingine, ya mahakamani. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Vandana Shiva wa India na wenzake walipinga wakisema wakulima wa kwao wamekuwa wakifanya hivyo tangu enzi na enzi. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Yaani ilichukua miaka 11 kuthibitisha jambo ambalo bibi yeyote wa kijijini angelieleza asubuhi moja.

Ya kwanza kabisa

Kabla ya karne ya 19 hakuna aliyejua kwamba nguvu ya mmea inaweza kutengwa na mmea. Aliyelionyesha hilo ni msaidizi wa duka la dawa huko Paderborn, Ujerumani, Friedrich Sertürner, kijana wa miaka ishirini na kitu. Karibu na mwaka 1804 alitoa kwenye afyuni fuwele nyeupe, akaipa jina la Morfeo, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Mofini ndiyo alkaloidi ya kwanza kutengwa. Wasomi hawakumjali. Mwaka 1817 alichapisha jaribio alilojifanyia mwenyewe pamoja na vijana watatu: walimeza kiasi kidogo, wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka wakalegea karibu ya kuzimia, naye akawatapisha kwa siki. Ni jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa popote. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza daktari aliweza kupima dawa ya mmea kwa mizani, badala ya kukisia ukali wa afyuni ya msimu huu dhidi ya ile ya msimu uliopita.

Kwinini ilifuata mwaka 1820, mikononi mwa Pelletier na Caventou wa Paris, kutoka gome la mkwinini wa milima ya Andes. Soko lake nalo lilibanwa sana. Mwaka 1865 mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu bora zilizokusanywa na Manuel Incra Mamani, Mwaymara wa Bolivia aliyeitambua miti yenye gome kali kwa uzoefu wa miaka mingi. Waholanzi walizinunua kidogo, wakazipanda Java, na gome la miti hiyo likafikia hadi asilimia 13 ya kwinini. Kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia nzima. Mti huo umepewa jina la Ledger. Mamani alikamatwa kwao kwa kosa la kutoa mbegu nje, akapigwa na kunyimwa chakula gerezani, akafa muda mfupi baadaye. Ningependa kila kitabu kinachomtaja Ledger kimtaje na yeye.

Kwinini ya kwetu ina historia yake. Wajerumani waliijaribu Amani, milimani Usambara, katika taasisi yao ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa, gome la huko liliwatibu askari wa kamanda wao, Lettow-Vorbeck. Mkwinini uliostawi kwa kudumu ni wa Kivu. Mashamba ya huko na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu vimeifanya Kongo kuwa miongoni mwa nchi zinazotegemewa zaidi duniani kwa kwinini.

Kuiunda kwinini maabara nako kuliwashinda wengi. William Perkin alijaribu London mwaka 1856 akiwa na miaka 18, akaambulia rangi ya zambarau, na rangi hiyo ikazaa kiwanda cha kwanza cha rangi za kutengenezwa. Wakemia Woodward na Doering walitangaza njia mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili vikiwa vimeikata Java. Gilbert Stork ndiye aliyeiunda kwa mpangilio kamili wa kila kitovu, mwaka 2001. Kutoka kutengwa hadi hapo ni miaka 181.

Sumu iliyosimamisha tembo

Msunguti, Acokanthera schimperi, huota kwenye vichaka vikavu kutoka Ethiopia hadi Tanzania. Magome na mbao zake huchemshwa kwa saa nyingi hadi maji yawe kama lami, na lami hiyo hupakwa kwenye mshale. Wawaata wa Tsavo waliwinda tembo kwa sumu hiyo. Ndani yake mna uabaini, iliyotengwa Ufaransa na Arnaud mwaka 1888, na jina lake limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale.

Uabaini hufunga pampu iliyo kwenye ukuta wa kila seli, ile inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Moyo ukinyimwa pampu hiyo hukaza, hupoteza mdundo, husimama. Lakini mtu akimeza kiasi kidogo, utumbo hauifyonzi vizuri, na hiyo ndiyo sababu wawindaji walikata nyama iliyozunguka jeraha wakala iliyobaki. Pampu yenyewe iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Uabaini ndiyo iliyothibitisha kwamba alichokiona ni pampu hiyo hasa, kwa sababu hufunga mlango huo mmoja bila kugusa mingine.

Sumu ya jamii hiyo ilikuwa imeshawahi kumgusa mtu mwingine anayejulikana pwani. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alisafiri na Livingstone katika Zambezi kati ya mwaka 1858 na 1863. Mswaki wake ulikaa pamoja na sumu ya mishale ya Strophanthus kombe. Alipoutumia alisikia uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Aliandika alichokiona. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu hiyo, nayo ikawa dawa ya moyo iliyotumika Ulaya kwa miongo mingi.

Hata hivyo katika elimu ya msunguti sisi binadamu hatuko peke yetu. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tanganyika, na wenzake walieleza tabia ya panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi. Hutafuna gome la msunguti, kisha hupaka mate yenye sumu kwenye mistari ya nywele za ubavuni. Nywele hizo zina matundu na hufyonza kama utambi. Mbwa akimng'ata hutapika, huugua, na mara nyingine hufa. Katika mamalia wote sijui mwingine aliyechukua sumu ya mti yenye uwezo wa kuua akaifanya silaha ya mwilini. Namna panya mwenyewe anavyosalimika bado inachunguzwa.

Protini isiyochemka

Kati ya rekodi zote hizi, ninayoithamini kupita nyingine ni ya wanawake wa Kasai, nchini Kongo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliona wajawazito wakinywa maji yaliyochemshwa na mmea mdogo wauitao kalata-kalata, Oldenlandia affinis, ili uchungu wa uzazi uharakishwe. Tumbo la uzazi lilibana kwelikweli, wakati mwingine kwa nguvu ya hatari. Gran alichukua mmea huo akaupeleka maabara, na kitu alichokikuta kilikuwa protini.

Hapo ndipo mambo yalipogoma. Protini ikichemshwa huharibika, kama yai linavyoganda, na ikinywewa, tumbo huisaga. Hii ilichemshwa chunguni, ikanywewa, ikafika bado ina nguvu. Jibu lilipatikana mwaka 1995, watafiti wa Norway walipofanya kazi na David Craik wa Australia. Kalata B1 ina asidi amino 29 zilizounganishwa kwa duara. Haina kichwa wala mkia, na kuna vimeng'enya vya tumboni vinavyoanza kutafuna protini kwenye ncha. Katikati ya duara hilo salfa hushikana mara tatu, na mshiko wa tatu unapita ndani ya pete iliyofanywa na ile miwili, ukatengeneza fundo. Haifunguki kwa moto, wala kwa asidi.

Tangu hapo protini za aina hiyo zimekutwa katika jamii kadhaa za mimea, na watafiti wamejifunza kuzitumia kama fremu: wanaondoa kipande cha duara na kuweka kipande cha dawa ambayo kwa kawaida hutolewa kwa sindano tu, kwa tumaini kwamba siku moja itamezwa kama kidonge. Msingi wa utafiti wote huo ni jambo ambalo wanawake wa Kasai walilijua na kulitumia: kwamba dawa yao hupikwa.

Sampuli namba 191

China ilianzisha mradi wa siri dhidi ya malaria tarehe 23 Mei 1967, ukaitwa Mradi 523 kwa tarehe hiyo. Tu Youyou wa Beijing aliingia mwaka 1969. Kundi lake lilipitia maandiko ya kale na kupima dondoo nyingi, na mmea uitwao qinghao, yaani Artemisia annua, ulitoa matokeo yaliyoyumba, leo vizuri, kesho hakuna kitu. Tu alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne, akaona kwamba humo mmea huloweshwa katika maji na kukamuliwa, wala hauchemshwi. Alibadilisha njia akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote vya malaria katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliimeza wenyewe kuhakikisha usalama wake, na mwaka 2015 akapata Nobel. Angalia tofauti: kalata huvumilia moto, artemisinini hukimbia moto. Anayesema mitishamba yote hutengenezwa kwa njia moja hajakutana na hii miwili.

Silaha ya artemisinini ni daraja la atomi mbili za oksijeni. Kimelea cha malaria kikila damu huachia madini ya chuma, chuma hulivunja daraja, na vipande vyake huunguza protini za kimelea chenyewe. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati, ALu, ina artemetha iliyotokana nayo, ikisindikizwa na lumefantrini. Tanzania na Kenya ziliingia kwenye mseto huo mwaka 2006.

Majani makavu ya artemisia huwa na artemisinini ya asilimia moja hivi, mara nyingi pungufu, kutegemea mbegu, udongo na siku ya kuvuna. Kwa hiyo vikombe viwili vya chai kutoka mashamba mawili vinaweza kutofautiana mno, na mgonjwa hawezi kujua amekunywa kipi. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai wala unga wa mmea huo kwa tiba ya malaria. Ninakubaliana nalo, na kwa uchungu, kwa kuwa najua wanaoupanda nyuma ya nyumba wanafanya hivyo kwa nia njema na kwa sababu zahanati iko mbali. Kipimo pungufu hakimwachi mgonjwa tu na homa yake. Kinaweza pia kukiacha hai kimelea kilichoionja dawa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, vilikuwa vimeanza kuenea, na mwaka 2021 taarifa kama hiyo ikatoka kaskazini mwa Uganda.

Hapa pia hamira ilijaribiwa, na iliweka rekodi ambayo mmea wowote ungeionea wivu. Mwaka 2013 kundi la Keasling na kampuni ya Amyris walichapisha matokeo ya gramu 25 za asidi ya artemisiniki kwa kila lita, hatua moja kubwa kabla ya dawa yenyewe. Kampuni ya Sanofi iligeuza kiwanda chake cha Garessio, Italia, kiitengeneze kwa tani. Wengi waliamini mkulima wa artemisia amekwisha. Lakini wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki walikuwa wameongeza mashamba, bei ya artemisinini ya majani ikashuka chini ya dola 250 kwa kilo, na ile ya hamira haikuweza kufika huko. Mwaka 2015 kiwanda cha Garessio hakikutoa hata gramu moja ya artemisinini, na mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba kinauzwa. Sehemu kubwa ya artemisinini iliyo ndani ya vidonge vya mseto bado inatoka shambani, kwa mbegu ndogo mno ambazo gramu moja ina zaidi ya 10,000, na kutoka siku ya kuzisia hadi siku kidonge kinapofika dirishani pa duka la dawa hupita zaidi ya mwaka mzima.